Barua ya wazi: Jina la Sheikh Amri Abedi limebaki getini

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia utamaduni, elimu na michezo nchini Tanzania,
na kwenu mnaoutunza uwanja wa mpira wa Arusha unaobeba jina lake.

YAH: SHEIKH KALUTA AMRI ABEDI, MSHAIRI NA MEYA WA KWANZA MWAFRIKA WA DAR ES SALAAM, KUSAHAULIWA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo hapa hapa Arusha. Mwaka wangu wa mwisho kazini kijana wa kidato cha pili alininyooshea mkono katikati ya kipindi cha ushairi akauliza: "Mwalimu, huyu Sheikh Amri Abeid alichezea timu gani?" Darasa halikucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Hawakucheka kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu. Binti mmoja wa mbele akajaribu kumsaidia mwenzake: "Si ndiye Rais wa kwanza wa Zanzibar?" Alikuwa amemchanganya na Mzee Abeid Amani Karume, na sikuweza kumlaumu. Majina yanakaribiana, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza.

Watoto hao wamezaliwa katika mji huu. Wameingia uwanjani humo kwa mechi, kwa mikutano ya hadhara, kwa matamasha. Jina hilo wanalitaja pengine mara nyingi kuliko jina la babu zao. Mwenye jina hawamjui.

Sikuanza na barua ya wazi. Niliandika barua ya kwanza mwaka 2022, ya kawaida, yenye anwani mbili na sahihi, kwa ofisi niliyoelekezwa. Nikaambiwa kwa mdomo kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Mwaka 2023 nikaandika ya pili, nikikumbusha kwamba mwakani Sheikh angetimiza miaka 100 tangu azaliwe na miaka 60 tangu afariki, vyote viwili katika mwaka mmoja. Sikujibiwa. Mwaka 2024 nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, nikaondoka na namba ya simu isiyopokelewa. Mwaka ukapita. Tulikutana watu wachache, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani, kwenye chumba cha darasa tulichoazimwa, tukaghani beti zake mpaka giza likaingia. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya miaka 100 niliyoishuhudia mimi. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Kwa faida ya wasomaji wasiomjua, niseme kwa ufupi ni nani.

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, mkoani Kigoma, mwaka 1924, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Alisoma shule ya serikali Tabora. Aliingia katika jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya, akawa mubaligh (mhubiri) wake, akashirikiana na Sheikh Mubarak Ahmad katika kazi ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 30, akatoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Waingereza walikuwa bado hawajaondoka. Gavana Turnbull alikuwa angali akiishi katika jumba ambalo leo ni Ikulu yetu. Baada ya Uhuru akawa Waziri wa Sheria, kisha Waziri wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Alifia Ujerumani Magharibi mwaka 1964. Alikuwa na miaka 40 tu.

Sasa naomba nieleze yanayonisumbua, moja baada ya jingine.

1. Jina lake lenyewe hatujaliweka sawa.

Kitabu chake kinasema Abedi. Uwanja unasema Abeid. Mwanafunzi anayetafuta maktaba kwa tahajia ya uwanjani anaweza asikipate kitabu, na anayekijua kitabu anaweza asihusishe na uwanja. Mtu mmoja amegawanywa wawili: mmoja wa mpira, mmoja wa vina. Najua kuna watakaosema ni herufi mbili tu zimepishana. Lakini huyu ni mtu aliyeandika kitabu kizima kuwafundisha Waswahili kuhesabu silabi. Angalau jina lake tulihesabu vizuri.

2. Kitabu hakipatikani kwa mwanafunzi wa kawaida.

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo penye kidonda.

Nakala niliyofundishia miaka yote hiyo ni kivuli cha kivuli. Niliipata kwa mwalimu aliyenitangulia, naye aliipata chuoni. Nimezunguka maduka ya vitabu Arusha, Moshi na Dar es Salaam, na sikukikuta rafuni hata mara moja. Kilichapishwa Nairobi mwaka 1954 na shirika la vitabu la Afrika Mashariki la serikali ya kikoloni. Mwaka huo huo, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Sipendi kulazimisha mambo yafanane, lakini naona watu wa rika moja walikuwa wakifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: wengine wanaunda chama, mwingine anaandika sheria za lugha ambayo chama hicho kingeitumia kuongea na nchi nzima. Baadaye kazi hizo mbili zikakutana ndani ya mtu mmoja, akawa Meya.

Kabla ya kitabu hicho elimu ya utunzi ilipitishwa kwa mdomo zaidi, kutoka kwa malenga hadi kwa anayejifunza. Walioko mbali na malenga walijifunza kwa kusoma mashairi katika gazeti la Mambo Leo na kuiga. Makarani, walimu, matarishi na maliwali walituma tungo zao huko, wakajibizana, wakasahihishana. Amri alichukua yale yaliyokuwa vichwani mwa watu, akayaandika: vina ni nini, mizani inahesabiwaje, ubeti unasimamaje. Na juu ya yote akaweka jambo moja ambalo nimewaambia wanafunzi wangu mpaka wakanichoka: shairi ni wimbo, na lisiloimbika si shairi.

Mtu akisikia hivyo anadhani ni ukali tu. Lijaribuni darasani, waheshimiwa. Mpe mtoto mshororo wenye mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), mwambie auimbe. Atavuta pumzi penye kina cha kati bila kuambiwa. Mpe wa mizani 15, atajikwaa mahali pale pale kila mara, na atajua mwenyewe kwamba kuna kitu kimepungua hata kabla hajahesabu vidole. Hapo ndipo wanaponielewa. Sikio lilitangulia, kisha ndipo kanuni ikaja. Mwanafunzi aliyefundishwa mizani kama hesabu ya kujibia mtihani hakufundishwa ushairi, na nasema hivyo nikijua kwamba kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilifundisha hivyo hivyo, kwa haraka ya kumaliza silabasi.

3. Mjadala wake tumeufundisha upande mmoja.

Kila mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukuorodheshea tofauti za mashairi ya kimapokeo na mashairi huru. Anazikariri. Ila hajui kwamba ubishi ule ulikuwa na watu wenye damu na nyama. Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, kilitoka mwaka 1974, na baada yake malumbano yakawaka kweli kweli kuhusu kama utungo usio na vina unastahili kuitwa shairi. Amri alikuwa amekwisha kufa miaka 10. Hakujibu hata neno moja. Waliomtetea walisema kwa niaba yake, waliompinga walipinga kitabu kisichoweza kujibu, na taratibu akageuka kuwa mlinzi wa geti, mzee mkali anayefukuza vijana. Mzee gani? Alipokiandika alikuwa na miaka 30.

Nampenda Kezilahabi, nimemfundisha, na sioni sababu ya kumshusha mmoja ili kumpandisha mwingine. Ninachoomba ni kwamba mtoto asome hoja ya Amri kwa maneno ya Amri, kisha aamue.

4. Kazi yake serikalini haikusanywi.

Tuna habari za jumla tu za Umeya wake. Mwaka ule wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na serikali ya madaraka ikaundwa. Katika pilikapilika hizo mtu wa Ujiji anakalia kiti cha Meya katika mji uliojengwa kwa kutenganisha watu: Uzunguni kwao, Uhindini kwao, Kariakoo kwetu. Alisema nini barazani? Aliuandikia nini mji ule? Kumbukumbu za vikao, kama zimehifadhiwa, nani amezifungua akazichapa ili sisi wengine tusome?

Na Uwaziri wa Sheria je? Mwaka 1963, wizara hiyo ikiwa mikononi mwake, Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyofuta utaratibu wa kikoloni wa kuwa na mahakama za wenyeji pembeni na mahakama nyingine juu. Mkulima wa Kasulu na tajiri wa Dar es Salaam wakawekwa katika ngazi moja ya mahakama. Mwaka 2021 nchi yetu ikatunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 58, na sikusikia hata mara moja, katika hotuba zote za mwaka 2021 nilizozisikiliza redioni, jina la yule Waziri wa Sheria aliyekuwa bingwa wa Kiswahili.

5. Uwanja mpya unakuja.

Arusha inajengewa uwanja mpya kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027. Nafurahi kama mkazi yeyote. Lakini mechi kubwa zitahamia huko, na watangazaji watahamia huko. Kama jina lilikuwa limebaki kwenye geti tu, geti hilo nalo litaanza kupitwa. Ndiyo maana siwezi kusubiri barua ya nne ifanyiwe kazi.

Najua pia majibu nitakayopewa, maana mengine nimekwishapewa nikiwa kwenye benchi lile.

Nitaambiwa kuna suala la hakimiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Alifariki 1964. Hesabu hiyo iliisha 2014. Hata hivyo naomba ukoo wake ushirikishwe na kuheshimiwa, kwa kuwa sheria kuisha muda hakufanyi adabu nayo iishe.

Nitaambiwa habari hii ina udini ndani yake. Tuseme wazi. Alikuwa Ahmadiyya, na tafsiri ile ya 1953 ilizua mabishano makali miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy aliipinga kwa kalamu, na tafsiri yake mwenyewe ikakamilika mwaka 1969. Mimi si mtu wa kuamua mambo ya akida, na barua hii haiombi serikali iyaamue. Ila mwalimu wa lugha anaona jambo jingine: kutoka tafsiri ya Padre Godfrey Dale ya mwaka 1923, ikaja ya 1953, ikaja ya 1969, na kila moja ililazimisha Kiswahili kitafute maneno kilichokuwa hakijayahitaji. Uwanja ulipopewa jina lake hakuna aliyeuliza madhehebu ya mtu kabla hajanunua tiketi. Basi na kitabu chake kisiulizwe.

Nitaambiwa alikuwa mtu wa serikali ya mkoloni, na kitabu kilichapwa na mkoloni. Ni kweli kilichapwa huko. Shule alizosoma zilikuwa zao pia, na Mambo Leo lilikuwa gazeti lao. Kizazi kile chote kilijifunza kusoma kwa vitabu vya Waingereza, kisha kikaandika kilichotaka. Kiswahili Sanifu chenyewe kilipangwa na kamati iliyoundwa na wakoloni mwaka 1930, na leo tunakiita chetu bila kusita. Sisemi kwamba Amri alikuwa mtakatifu. Kanuni zake zinaweza kubishiwa, na kama kuna maamuzi yake ya kiserikali yasiyopendeza, yaandikwe nayo. Hatuwezi kumbishia mtu ambaye hatukumsoma.

Na nitaambiwa kwamba ushairi ni mambo ya pwani, Arusha haihusiki. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Ujiji iko kando ya Ziwa Tanganyika, jirani na mwisho wa reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Kiswahili kilifika huko kwa miguu, kwa misafara, kikazaliwa upya. Mji wa bara ndio ulimtoa mtu aliyeandika kanuni za sanaa ya Muyaka, yule mshairi wa Mombasa. Mtoto wa Kimeru au wa Kimaasai anayeketi darasani Arusha akidhani hana haki na vina, mfano wake wa kwanza amwone huyo.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, bamba getini mwa uwanja, lenye maneno ya kutosha: alizaliwa wapi, aliandika nini, aliongoza nini, alifia wapi. Tahajia ya jina iamuliwe pamoja na ukoo wake, kisha ifuatwe uwanjani, maktabani na vitabuni.

Pili, kitabu kichapwe upya, kikiwa na maelezo ya maneno magumu, kwa bei ambayo mwanafunzi wa shule ya kata ataimudu. Nakala zifike maktaba za shule kabla ya kufika kwenye sherehe ya uzinduzi.

Tatu, sura zake za kanuni zisomwe kidato cha tano na cha sita sambamba na tungo za wale waliompinga.

Nne, hotuba zake za Umeya na za Bungeni zikusanywe zichapwe.

Tano, uwanja ukikarabatiwa, ukiuzwa au ukibadilishiwa kazi, jina lisifutwe.

Na la sita, ambalo ni la moyo wangu zaidi kuliko la ofisini: tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, geti lifunguliwe bure, watoto wa shule za Arusha waingie waghani mashairi pale katikati ya nyasi. Uwanja una vipaza sauti. Havihitaji mafuta ya ziada kumsoma mshairi.

Wanafunzi wangu wa zamani waliniambia barua ya kumtetea mtu huyu isiende bila ubeti. Nimetunga mmoja, mizani ihesabiwe na yeyote:

Jina twalirindimisha, kwa firimbi na kelele,
Tungo hatukufundisha, zimelala pale pale,
Aliyetuelimisha, mwana wa Ujiji kule,
Wakuu twawakumbusha, tungo zake zisilale.

Kivuli changu cha kitabu nimekifunika kwa plastiki. Kurasa mbili za mwisho zimefifia, hazisomeki tena, kwa hiyo atakayepewa kazi ya kuchapa upya itabidi atafute nakala safi zaidi. Kwa kuanzia, nitakileta mwenyewe kwa mkono, siku na saa mtakayonipangia, kwenye ofisi ile ile yenye benchi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Arusha.